Sakafu Juu ya Sakafu: Ukarabati wa Supamaketi Moja Katikati ya Mwanza

Mwenye duka aliponipigia simu hakutaja sakafu. Alisema, "Mwanangu, duka langu limeingiliwa na mapepo, njoo uone." Nilipofika, katikati ya rafu ya sabuni na rafu ya unga, vigae sita vilikuwa vimenyanyuka viwili viwili, kila jozi imeegemeana kama paa la kibanda cha chipsi. Chini yake ungeweza kupitisha mkono. Hakuna aliyevigusa. Mlinzi aliniambia mlio wake ulikuwa kama wa gobole, ukafuatiwa na mwingine, kisha wa tatu, na wateja wakaacha vikapu na kukimbilia barabarani.

Duka lenyewe sitalitaja. Ni supamaketi ya chini tu, haina ghorofa, kwenye mitaa inayoteremka kuelekea bandarini, ambako watu wa Ukerewe hupitia kununua mahitaji kabla ya kupanda meli. Jengo ni la zamani, la enzi za maduka ya Wahindi: kuta nene, nguzo katikati ya ukumbi, baraza mbele ambayo baadaye ilizungushiwa vioo. Eneo la mauzo ni mita za mraba 360. Lilifungwa siku 12 kwa ukarabati, likafunguliwa kwa maputo na spika za kukodi, na miezi saba baadaye sakafu ikalipuka.

Mimi ni mkadiriaji majenzi, mtu wa kupima kazi za ujenzi na gharama zake. Sikuitwa kutengeneza, niliitwa kuamua. Mwenye duka alikuwa amezuia malipo ya mwisho ya mkandarasi, na mkandarasi naye alikuwa akisema vigae vilivyonunuliwa na mwenye duka ni feki. Kila mmoja alitaka karatasi yenye muhuri inayosema mwenzake ndiye mwenye kosa.

Agizo la Dubai

Ukarabati wenyewe ulihitajika kweli, na nisingependa mwenye duka aonekane mtu aliyetapanya fedha. Duka la awali nililifahamu: giza, rafu zenye kutu, harufu ya panya nyuma ya magunia. Tangu Rock City Mall ifunguliwe kule barabara ya Makongoro, mteja wa Mwanza ameonja kiyoyozi na njia pana za kupitisha toroli, na mwenye duka la mjini asiyebadilika anabaki kuuza vocha na maji ya kunywa. Mzee alijua hilo. Akaenda Dubai kwa shughuli zake, akarudi na picha kwenye simu.

"Nataka ing'ae hivi," alimwambia mkandarasi. Hilo ndilo lilikuwa agizo lote la kitaalamu. Hapakuwa na msanifu, hapakuwa na mchoro zaidi ya karatasi moja ya kuonyesha rafu zitakaa wapi.

Kwa macho, kazi ilitoka vizuri. Dari ya jipsamu yenye ngazi ngazi na taa zilizofichwa. Kuta za nyuma ya makaunta zikavishwa mbao za plastiki zenye michirizi ya mninga. Juu ya sehemu ya mboga yakabandikwa mapicha makubwa ya stroberi na brokoli, wakati chini yake panauzwa mchicha, nyanya chungu na bilinganya. (Sina ugomvi na brokoli. Ila nilimwona bibi mmoja akisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kijana wa dukani kama hiyo ndiyo dawa ya sukari.) Na chini, mwanzo hadi mwisho, vigae vya poseleni vya sentimita 60 kwa 60, vyeupe, vimesuguliwa hadi unajiona uso.

Kugonga vigae elfu moja

Kigae kimoja cha vipimo hivyo kinafunika mita za mraba 0.36, kwa hiyo sakafu nzima ni vigae elfu moja, ukiacha hesabu ya vipande vya kukatwa. Nilivigonga vyote. Kazi hiyo haihitaji mashine: unachukua kipande cha nondo kifupi, unagonga katikati na kwenye pembe nne, unasikiliza. Kigae kilichoshika kinatoa mlio mfupi, mzito. Kilichoachia kinalia kama debe. Tulifanya usiku, baada ya kufunga, mimi na kijana wa saidia fundi mwenye chaki. Kinacholia debe kinapigwa msalaba.

Kufika saa nane usiku nilimwambia kijana apande juu ya ngazi apige picha. Tulipoitazama picha sote tulinyamaza. Misalaba haikuwa imetapakaa ovyo. Kuanzia mlango wa mbele hadi mita 20 ndani, karibu kila kigae kilikuwa na msalaba. Halafu misalaba ikakatika ghafla, kwenye mstari ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta kama uliopigwa kamba. Nyuma ya mstari huo, mita kumi za mwisho hadi kwenye majokofu ya samaki, vigae vilikuwa vizima isipokuwa vichache.

Vigae vilevile, fundi yuleyule, mchanga wa lori lilelile. Sehemu ya mbele imeachia, sehemu ya nyuma imeshika. Kwa hiyo kabla hata sijang'oa kitu, madai ya vigae feki yalikuwa yamepungua nguvu.

Niliyamaliza asubuhi kwa kikombe cha maji. Poseleni halisi hainyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na kwenye boksi la vigae kundi hilo huandikwa BIa. Kigae cha kauri cha ukutani kinaweza kunyonya zaidi ya asilimia 10. Tofauti unaiona kwa macho: geuza kigae, mwaga maji kidogo mgongoni. Kauri inayanywa na kubaki na doa. Kigae cha mzee kiliyaacha yasimame kama matone kwenye jani la gimbi. Boksi liliandikwa BIa, na kigae kilitii boksi. Vigae havikuwa feki, vilikuwa vizuri mno kwa namna vilivyowekwa, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Fundi wengi walijifunza kazi kwa vigae vya kauri. Unamwaga mchanganyo wa saruji na mchanga, unanyunyizia ujiuji wa saruji juu, unalaza kigae, unagonga kwa nyundo ya mpira. Kauri inanyonya ule ujiuji, saruji inaingia kwenye vitundu vya mgongo wake, na ikikauka vinashikana. Siku hizi vigae vya Chalinze na Mkuranga vimeshusha bei na poseleni imeingia hadi kwenye vyumba vya kupanga, lakini mikono ya mafundi imebaki kwenye mtindo ule ule. Poseleni haina vitundu vya kunywa ujiuji. Inahitaji gundi ya vigae yenye kemikali za kuambata, ipakwe kwa mwiko wa meno ili ienee mgongo mzima.

Vigae vya kwanza kung'olewa vilithibitisha. Migongo ilikuwa safi kama imetoka kwenye boksi leo asubuhi, mishale ya kiwandani bado inasomeka.

Makisio ya mstari mmoja

Nikaomba makisio. Mkandarasi akaleta karatasi mbili, na kwenye kipengele cha sakafu paliandikwa hivi tu: "Kupiga vigae sakafuni, m² 360." Bei. Basi.

Ningeomba msomaji akae na mstari huo kidogo, maana kwangu ndiyo kiini cha kisa chote. Hausemi sakafu iliyopo itafanywaje: itabomolewa, itakwaruzwa, itaoshwa, au itafunikwa. Hausemi kigae kitashikizwa kwa nini. Hausemi kuhusu mianya ya kutanukia. Hausemi baada ya siku ngapi rafu zitarudishwa juu yake. Kila kisichoandikwa kinageuka kuwa faida ya mkandarasi au hasara ya mwenye mali, na mara nyingi hakuna anayejua ni kipi mpaka sakafu iseme yenyewe.

Nilimuuliza mkandarasi kama alitumia gundi. Akasema ndiyo, na akatoa risiti: magunia 15 ya kilo 20. Sikutaka kubishana, nikachukua kalamu. Kwa kigae kikubwa na mwiko wenye meno ya milimita 10, gundi inakwenda kama kilo 5 kwa mita moja ya mraba. Mita 360 zinataka kilo 1,800, yaani magunia 90. Magunia 15 yanatosha mita 60. Nikamgeukia fundi, mtu wa makamo kutoka Igoma, aliyekuwa amekaa kimya juu ya ndoo.

"Fundi, hii gundi ilikwendaje?"

"Tuliichanganya na saruji ili iongezeke, kaka."

"Nani alisema?"

Akamtazama bosi wake, kisha akatazama chini. "Siku zilikuwa kumi na mbili. Tatu za kwanza zilikwisha kwenye dari. Tulikuwa tunapiga vigae usiku na mchana. Asubuhi nikilaza, jioni wanaburuta rafu juu yake."

Ile gundi ina uwiano wake. Ukiiongezea saruji nusu kwa nusu, kemikali za kuambata unazigawa kwa wingi usiokusudiwa na unabaki na saruji ya bei ghali. Na hata ingekuwa safi, gundi ya kawaida ya saruji inataka kama siku nzima kabla ya mtu kuikanyaga, na wiki moja kabla ya mizigo mizito. Fikiria jeki ya paleti iliyobeba mifuko 20 ya sukari ya kilo 50. Hiyo ni tani moja nzima, na inapita sakafuni kwa magurudumu madogo magumu ambayo ukiyajumlisha sehemu zinazogusa chini hazifiki ukubwa wa kiganja. Kigae kilicholazwa jana, chenye utupu pembeni, kinakuwa daraja lisilo na nguzo.

Kilichokuwa chini

Bado mstari ule wa kamba ulikuwa haujaelezeka. Fundi yule yule, ujiuji ule ule, kwa nini nyuma kushike?

Tulipong'oa mbele, baadhi ya vigae vilitoka peke yake, lakini vingine vilitoka na mchanganyo wote wa saruji ukiwa umeganda mgongoni, bamba zima la unene wa sentimita tatu. Nikaligeuza moja. Upande wa chini ulikuwa laini, unateleza, unang'aa kidogo. Saruji iliyoshika kitu haiwi hivyo. Saruji ile ilikuwa imechukua chapa ya kioo.

Tukafagia. Chini yake kulikuwa na terazo, ile sakafu ya saruji na kokoto iliyosuguliwa hadi ikang'aa.

Si kipande. Ukumbi wote wa mbele, mita 20 kwa 12, terazo ya rangi ya maziwa yenye kokoto nyeusi na nyekundu, imegawanywa kwa vipande vyembamba vya shaba katika miraba ya karibu mita moja, na pembeni mwa kuta mkanda wa kijani. Mwenye duka aliinama, akapangusa kwa kiganja, akasema, "Hii ilikuwepo?" Alikuwa amelinunua jengo likiwa na zulia la plastiki sakafuni, na chini ya zulia hakuwahi kuangalia. Mkandarasi aliiona, ndiyo, siku alipong'oa zulia. Kwake ilikuwa sakafu ngumu, tambarare, nzuri ya kumwagia saruji.

Nyuma, zile mita kumi, zilikuwa nyongeza iliyojengwa baadaye. Ukuta wa zamani ulibomolewa ili kuunganisha, na mahali pake ndipo ule mstari wa kamba. Sakafu ya nyongeza ni saruji iliyopigwa niru, iliyochakaa na kukwaruzika kwa miaka ya kuburuta magunia. Ukwaruzo ule ndio uliompa fundi mshiko bila yeye kujua. Mbele, saruji yake ilikaa juu ya terazo iliyopigwa polishi ya nta kwa miongo kadhaa. Hakuna kinachoshika juu ya nta. Unaweza kubandika karatasi kwenye sahani yenye mafuta ya samaki?

Baada ya hapo joto lilifanya lililobaki. Baraza iliyozungushiwa vioo inatazama magharibi, upande wa ziwa, na jua la saa kumi linaingia ndani hadi nusu ya ukumbi. Usiku kiyoyozi kinazimwa, asubuhi kinawashwa. Kigae cha poseleni hakitanuki sana, lakini kinatanuka: katika urefu wa mita 20, tofauti ya nyuzi 20 za joto inatosha kukirefusha kwa karibu milimita 3. Milimita tatu si kitu kama pana pa kwenda. Hapa hapakuwa na pa kwenda. Vigae vilibanwa ukutani na kwenye nguzo, grauti ngumu, ile saruji ya kujazia kati ya kigae na kigae, ikajazwa hadi kona ya mwisho, na katika mita 20 hapakuwa na mwanya hata mmoja laini. Kanuni zinazofuatwa na wataalamu wa vigae huko Marekani zinataka mwanya wa kutanukia kila mita 6 hadi 7.5 hivi ndani ya jengo, na karibu zaidi kwenye jua. Sakafu iliyobanwa kila upande na isiyoshikwa chini ina njia moja tu, juu.

Na terazo ya wale mafundi wa zamani ilikuwa na mwanya wake kila mita moja. Zile shaba si urembo tu. Zinaamua nyufa zipite wapi.

Samaki, changarawe na taa

Niliombwa kuandika juu ya vigae vilivyonyanyuka, lakini huwezi kukaa usiku tatu ndani ya duka usione mengine.

Kwenye majokofu ya samaki sakafu ilikuwa imefunikwa kwa maboksi yaliyokunjuliwa. Nikauliza kwa nini. Dada wa kaunta akanijibu kwa sauti ya chini kwamba mama mmoja aliteleza pale mwezi wa pili baada ya ufunguzi, akategua mkono, na mzee akalipia hospitali. Sato na sangara wanakuja na barafu, barafu inayeyuka, na kigae kilichosuguliwa kikilowa kinageuka barafu nyingine. Vigae vya poseleni havifanani kwa utelezi. Wajerumani wana kipimo cha kuanzia R9 hadi R13, namba ikipanda utelezi unapungua, na mahali pa kukatia samaki au nyama huanzia R11 kwenda juu. Boksi la mzee halikuwa na R yoyote. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu picha ya Dubai haikuonyesha samaki.

Maboksi yale nayo yalikuwa yamelowa na kuoza pembeni. Tangu 2019 usajili wa majengo ya chakula uko kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na sakafu ya mahali pa chakula inatakiwa ioshike na isinyonye. Kadibodi iliyolowa damu ya samaki haipiti kwa mkaguzi yeyote aliyeamka vizuri.

La pili lilinifurahisha zaidi, kama mtu wa Mwanza. Kutoka mlangoni hadi kwenye makaunta ya malipo, vigae vilikuwa vimepauka katika njia ya upana wa mita mbili hivi, kama njia ya ng'ombe malishoni. Wengine wangesema uchafu. Tuliosha, haukutoka. Ni mikwaruzo midogo midogo iliyoua mng'aro. Mji wetu umekaa juu ya granaiti. Mvua ikinyesha, mawe yanayomomonyoka kule vilimani yanateremsha changarawe hadi mitaani, na nyingine inaishia Mto Mirongo na ziwani. Inayobaki barabarani inakuja dukani kwenye soli za viatu. Ndani ya changarawe ile kuna madini ya kwatzi (quartz), yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, ngumu kuliko kisu cha jikoni. Kila mteja anayeingia anasugua sakafu kwa msasa. Sakafu ya kung'aa inayofaa nchi ya mchanga laini na watu wanaoshuka kwenye magari inafika hapa inakutana na mtu aliyetembea kutoka Mabatini. Mlangoni palikuwa na kizulia cha hatua moja kilichoandikwa neno la kukaribisha. Panahitaji hatua sita au saba za zulia gumu la kukwangua kabla kiatu hakijagusa kigae.

Dari ilikuwa na doa la maji lenye umbo la ramani karibu na baraza, bati linavuja pale wakati wa masika na bodi za jipsamu zimeanza kulegea. Hilo ni la kuziba bati kwanza, rangi baadaye. Wao walikuwa wamepaka rangi mara mbili.

Taa zote zilikuwa za kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ule weupe wenye ubuluu. Juu ya sakafu nyeupe ya kung'aa mtu anatembea amekunja uso bila kujua kwa nini, na minofu ya sangara inaonekana kama ya juzi wakati imetoka asubuhi. Nilishauri kelvini 4000, na juu ya nyama na samaki taa zenye uwezo wa kuonyesha rangi halisi ya kitu wa 90 au zaidi kati ya 100. Mzee hakupenda. Kwake taa isiyo nyeupe kabisa ni taa ya baa. Tukakubaliana zibadilishwe juu ya samaki tu, na hilo mpaka leo naliona ni nusu ushindi.

Nani alipe, na kipi kibaki

Njia rahisi ilikuwa kung'oa mbele yote na kupiga vigae upya, kwa gundi ya kutosha, juu ya terazo iliyokwaruzwa kwa grenda hadi nta na mng'aro vitoke. Kitaalamu ingefanya kazi. Mkandarasi aliitaka hiyo kwa sababu ndiyo anayoijua. Mimi nilipinga, na nakiri kwamba si kwa hesabu peke yake. Kuharibu sakafu nzima ili ibebe sakafu mbaya zaidi yake kulinikera.

Hesabu nayo ilisaidia. Terazo ilikuwa na mashimo 30 na kitu ya boliti za rafu za zamani, ufa mmoja mrefu kwenye mstari wa ukuta uliobomolewa, na madoa. Kuziba kwa saruji nyeupe na kokoto zinazofanana, kisha kusugua kwa mashine ya mawe ya almasi kuanzia namba 50, 100, 200 hadi 400, ilikuwa nafuu kuliko vigae vipya vikijumlishwa na magunia 60 ya gundi. Tulisimama kwenye 400 kwa makusudi. Ukiendelea hadi 800 na zaidi inakuwa kioo, na terazo ya kioo ikilowa inateleza sawasawa na kigae. Baadaye ikanyweshwa dawa ya kuziba vitundu, na polishi ya nta ikapigwa marufuku. Mama wa usafi alilalamika kuhusu hilo, maana kazi isiyotoa mng'aro mbele ya bosi ni kama haikufanyika.

Duka halikufungwa. Mwenye mali hakuwa tayari kupoteza siku nyingine, na safari hii alikuwa na haki. Tuligawa ukumbi robo nne, tukapandisha turubai kutoka darini, na mashine zikafanya kazi kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kusugua kulifanyika kwa maji ili vumbi lisiende kwenye mikate, na tope lake tulilikusanya kwenye mapipa. Kijana mmoja alitaka kulimwaga mtaroni. Nikamwonyesha mtaro unakoelekea.

Nyuma, vigae vilivyoshika tuliviacha. Vya mbele ya majokofu ya samaki na nyama, mita za mraba 40, viling'olewa na kuwekwa vya sentimita 30 kwa 30 visivyong'aa, vya R11, na sakafu ikainamishwa kidogo kuelekea mfereji wenye wavu. Kwenye mstari wa ukuta wa zamani, ambapo sakafu mbili zinakutana, tuliacha mwanya uliojazwa silikoni. Mzee aliuuliza mara tatu kama hautazibwa.

Kuhusu fedha, niliandika kwamba mkandarasi aliona sakafu yenye nta akaifunika, na alipunguza gundi, kwa hiyo apoteze malipo ya mwisho na ang'oe vigae bila ujira. Niliandika pia kwamba siku 12 ziliwekwa na mwenye duka, na kwamba alikubali makisio ya mstari mmoja kwa sababu yalikuwa ya chini kuliko ya wenzake wawili, hivyo terazo na vigae vya samaki alipe yeye. Hakuna aliyefurahi. Walisaini wote wawili, mmoja asubuhi na mwingine jioni, ili wasikutane.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulitarajia. Kwa kuwa vigae vya mbele havikuwahi kushika, viling'oka vizima. Tulihesabu 420 visivyo na ufa, migongo safi, mita za mraba 151. Mzee akavipakia kwenye fuso akavipeleka Buswelu, anakojenga nyumba. Wiki chache baadaye alinipigia simu nipite nimtazamie makisio ya fundi. Nilipofika nikamkuta yule yule wa Igoma amekaa juu ya ndoo, mwiko wa meno mpya mkononi, na daftari la shule lililoandikwa kwa kalamu nyekundu.

"Shikamoo mzee," akaanza, akimwelekea mwenye nyumba. "Gundi ni magunia thelathini na nane. Na siku saba za mwisho mtu asilete hata kochi."

Mzee akanigeukia. Nikapiga hesabu kimoyomoyo, mita 151 mara kilo tano, gawanya kwa ishirini.

"Thelathini na nane," nikasema.